Marejeo ni ngamani: kuifuatilia meli kubwa ya mafuta ghafi

Hotuba kamili, kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Kila mmoja wenu ana simu, na kwa simu hiyo anaweza kufungua ramani ya bahari sasa hivi akaona maelfu ya nukta za rangi zikitambaa. Unagusa nukta moja: jina, bendera, kasi, inakokwenda. Unaridhika. Unasema, meli ile pale. Je, kweli iko pale? Je, ni ile ile? Imebeba mafuta, au imebeba maji ya bahari?

Wahenga walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Zunguka chombo nyuma na mbele upendavyo, mwisho utarudi chini kabisa, ngamani. Leo naomba tuichukue methali hiyo kama ilivyo, bila kuipamba. Nukta kwenye ramani ni maneno ya meli kuhusu yenyewe. Chuma, maji na shehena navyo vina maneno yao. Anayefuatilia meli husikiliza pande zote mbili, akaangalia kama zinapatana.

Tuanze na jina, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa mlangoni.

Ndugu zangu, msifuate jina. Jina la meli hubadilishwa kwa ndoo ya rangi na brashi. Mwaka 1979, katika yadi ya Oppama kule Japani, ilikamilika meli iliyokuja kuwa ndefu kuliko zote: mita 458.45, yenye uwezo wa kubeba tani 564,763. Iliitwa Seawise Giant. Mwaka 1988, wakati wa vita vya Iran na Iraki, ndege za Iraki ziliishambulia ikiwa karibu na kisiwa cha Larak na ikaungua. Iliokolewa, ikatengenezwa, ikaitwa Happy Giant. Mwaka 1991 ikawa Jahre Viking. Mwaka 2004 ikawa Knock Nevis, ikafungwa nanga kama ghala la mafuta linaloelea. Mwishoni kabisa ikaitwa Mont, ikapelekwa Alang nchini India na kukatwakatwa. Majina matano, bodi moja. Mtu aliyeifuata kwa jina aliipoteza mara nne. Aliyeifuata kwa namba hakuipoteza hata siku moja, kwa sababu namba ilikuwa 7381154 tangu mwanzo hadi ilipogeuka vyuma chakavu.

Hiyo ndiyo namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari: tarakimu saba zinazofuata bodi ya meli maisha yake yote, hata ikibadili mwenye mali, bendera na jina. Sheria inataka iandikwe ya kudumu nje ya meli, mahali panapoonekana, na ndani pia. Kwa meli za mafuta, ndani kunaweza kuwa kwenye chumba cha pampu. Na namba hii inajikagua yenyewe. Chukueni tarakimu sita za kwanza, muzizidishe kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, kisha mjumlishe. Kwa Seawise Giant: 49, 18, 40, 4, 3 na 10. Jumla 124. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 4, na tarakimu ya saba ya namba ni 4. Imekubali. Isipokubali, kuna mtu amekosea kuandika, au amebuni.

Lakini sikilizeni vizuri: namba ikikubali, imethibitisha kwamba namba kama hiyo yawezekana. Haijathibitisha kwamba meli iliyo mbele yako ndiyo mwenye namba. Siku hizi zipo meli zinazotembea na namba za meli zilizokwisha kuvunjwa. Maiti amezikwa, kitambulisho chake kiko barabarani. Hilo tutalirudia.

Namba ya pili ni MMSI, tarakimu tisa, na hii ni ya redio. Tatu za mwanzo zinataja nchi ya bendera: 636 ni Liberia, 538 ni Visiwa vya Marshall. Meli ikibadili bendera, MMSI hubadilika. Kwa hiyo ukihifadhi kumbukumbu zako kwa MMSI, siku ya kubadili bendera utaona meli moja imetoweka na nyingine imezaliwa mahali pale pale, saa ile ile. Hifadhi kwa namba ya IMO, MMSI iwe safu ya pembeni yenye tarehe. Na ukiona meli iliyobadili bendera mara tatu ndani ya mwaka mmoja, hujapata ushahidi wa kosa, ila umepata sababu ya kuiangalia kwa makini zaidi.

Sasa, hizo nukta zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mtambo uitwao AIS, ambao meli zote za tani za jumla 300 na kuendelea zinazosafiri kimataifa zinatakiwa kuwa nao. Ulikamilika kuwa wa lazima mwisho wa 2004. Ni redio tu. Inatangaza kwa masafa mawili ya VHF, megahazi 161.975 na 162.025, kwa nguvu ya wati 12.5. Taa kali inatumia umeme mwingi kuliko hiyo. Meli ikienda chini ya noti 14, yaani maili 14 za baharini kwa saa, hutangaza mahali ilipo kila sekunde 10. Ikitia nanga, kila dakika 3. Jina, vipimo na safari hutangazwa kila dakika 6.

Hapa ndipo nataka muulize swali moja, mliulize kila mara: nani ameandika?

Mahali, kasi na mwelekeo wa mwendo: vimetoka kwenye GPS, havikuguswa na mkono. Omo inakoelekea: imetoka kwenye dira ya gairo. Namba ya IMO, MMSI, jina, urefu na upana: aliandika fundi siku aliyofunga mtambo, na fundi naye ni binadamu. Kina cha kuzama, bandari inakokwenda, siku ya kufika, na hali ya chombo, kama inasafiri au imetia nanga: aliandika ofisa wa zamu, kwa kidole, pengine saa kumi ya usiku. Nani ameandika? Ukilijua hilo, utajua ni kipi cha kuamini kwanza. Mtaona meli inakwenda noti 12 huku hali yake inasema imetia nanga. Hakuna muujiza hapo. Kuna mtu aliyesahau kubonyeza. Na sehemu ya bandari inakokwenda ina nafasi ya herufi 20 tu, na meli ya mafuta mara nyingi huandika kwamba inasubiri maagizo, kwa sababu ni kweli: shehena inaweza kuuzwa mara kadhaa ikiwa bado baharini.

Tena, hata GPS yenyewe huchezewa. Juni 2017, katika Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk, meli zisizopungua 20 zilijikuta, kwa mujibu wa vyombo vyao, ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Meli, ndugu zangu, juu ya lami! Manahodha walikuwa wanaona maji kwa macho yao, lakini mtambo ulikuwa unatangaza uwanja wa ndege kwa ulimwengu mzima. Hawakudanganya, walidanganywa. Kwa hiyo msikimbilie kumlaumu nahodha. Mkiona kundi zima la meli limerukia sehemu moja, au linazunguka duara safi juu ya nchi kavu, aliyefanya hivyo yuko nje ya meli. Mkiona meli moja tu, peke yake, inachora mistari iliyonyooka mno mahali ambapo majirani zake wote wanayumba kwa upepo na mkondo, hapo ulizeni maswali ya aina nyingine.

Na ukimya? Mawimbi ya VHF hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia. Kituo cha pwani husikia kwa kawaida maili 20 hadi 40 za baharini, basi. Zaidi ya hapo tunategemea setilaiti, na setilaiti ina shida iliyo kinyume: inasikia meli nyingi mno kwa pamoja. Kila masafa yana nafasi 2,250 kwa dakika, na zinagawanywa vizuri na meli zinazosikiana. Setilaiti husikia maelfu ya meli ambazo zenyewe hazisikiani, na matangazo yanagongana. Ndiyo maana karibu na Singapore au bahari ya mashariki ya China meli mwaminifu kabisa inaweza kukosekana kwa saa kadhaa. Saa sita za kimya kwenye msongamano hazina uzito sawa na siku sita za kimya kwenye bahari tupu.

Sasa tushuke ngamani. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Meli tunayoizungumzia zaidi leo ni ile ya aina ya VLCC, yenye uwezo wa kubeba kuanzia tani 200,000 hadi 320,000. Ya kawaida ina urefu wa mita 330 hivi, upana wa mita 60, na kimo cha bodi kutoka mkuku, uti wa chini wa chombo, hadi sitaha kama mita 30. Ndani kuna matangi, kwa kawaida safu tano za matangi matatu matatu, na mawili madogo ya mabaki nyuma. Inabeba mapipa milioni 2. Aliye chini yake, Suezmax, ana urefu wa mita 274 hivi na hubeba kama mapipa milioni 1. Kwa meli zilizokabidhiwa kuanzia Julai 1996, bodi ni mbili, moja ndani ya nyingine, na kwa meli kubwa nafasi kati yake haipungui mita 2. Ajali ya Exxon Valdez ya Machi 1989 kule Alaska, iliyomwaga tani 37,000 hivi, ndiyo iliyosukuma sheria hizo.

Kuna kosa moja linalorudiwa kila siku, hata magazetini. Watu huona tani za jumla 160,000 na tani za kubeba 300,000 kwa meli moja, wakadhani moja ni ya uongo. Zote ni za kweli. Tani za jumla hazipimi uzito kabisa. Ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli. Tani za kubeba ndizo uzito, na ndani yake mna mafuta ya injini, maji ya kunywa, vifaa na mabaharia, siyo shehena peke yake.

Sasa swali kubwa. Meli imejaa au tupu? Meli ya mafuta ghafi hupeleka mafuta upande mmoja na kurudi tupu, na haiwezi kurudi tupu kabisa, ingeelea kama kifuu. Hujaza farumi, maji ya bahari, kwenye matangi yaliyotengwa kwa kazi hiyo. Ikiwa na farumi huzama mita 9 au 10. Ikijaa mafuta huzama mita 20 hadi 22. Tofauti ya mita 11! Nyumba ya ghorofa tatu imepanda na kushuka ubavuni.

Mnaweza kukadiria shehena kwa karatasi na kalamu. Chukueni urefu wa meli kwenye maji, tuseme mita 320. Zidisha kwa upana, 60. Zidisha kwa kina cha kuzama, 20.5. Mmepata sanduku la mita za ujazo 393,600. Lakini meli si sanduku. Omo na tezi zimechongwa. Kwa VLCC zidisha kwa 0.81: zinabaki 318,816. Maji ya bahari yana uzito wa tani 1.025 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo uzito wote ni kama tani 326,800. Ondoa meli yenyewe ikiwa tupu, tani 43,000 hivi. Ondoa tani 5,000 za mafuta ya injini, maji na vifaa. Imebaki shehena ya tani 278,800. Kwa mafuta ya wastani tani moja ni mapipa 7.33. Jibu: mapipa milioni 2.04. Na tulianza na kipimo kimoja tu cha kina! Mafuta mazito hutoa mapipa machache kwa tani, mepesi hutoa mengi, kwa hiyo ukijua aina ya mafuta badilisha ile 7.33. Hesabu hiyo msiifanye kwa meli yenye kina cha mita 10 mkadhani mmepata nusu ya shehena. Ile ni farumi. Hili kosa nimeliona kwenye ripoti zilizochapishwa kwa karatasi nzuri.

Udhaifu wa hesabu yote uko kwenye ile 20.5. Nani ameandika? Ofisa wa zamu. Kama alisahau kuibadilisha baada ya kupakua, meli tupu itaonekana imejaa kwa wiki tatu. Ndiyo maana kuna vipimo vya njia. VLCC iliyojaa haipiti Mfereji wa Suez. Mfereji unaruhusu futi 66 za kuzama, mita 20.1, na hizo ni kwa meli zisizozidi upana wa mita 50 hivi. Kadiri upana unavyozidi, kina kinachoruhusiwa hupungua. Meli hupunguza shehena Ain Sukhna upande wa Bahari ya Shamu, mafuta yanapita kwenye bomba la SUMED la kilomita 320 hadi Sidi Kerir upande wa Mediterania, au meli inazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo ukiona VLCC katikati ya mfereji inatangaza mita 21, mfereji haujachimbwa upya jana. Namba ni ya zamani. Vivyo hivyo Mlangobahari wa Malacca: meli zenye kina kirefu zinatakiwa kubakiza mita 3.5 za maji chini ya mkuku, na ndiyo sababu VLCC nyingi hupita pale na kina cha mita 20.5 hivi, si zaidi.

Na kina hiki si hesabu ya ofisini tu. Novemba 2008 Sirius Star, VLCC mpya ya mita 332, ilitekwa na maharamia wa Kisomali zaidi ya maili 400 kusini-mashariki ya Mombasa, ikiwa na mapipa milioni 2. Wengi walijiuliza: wanaume wenye boti ndogo wanapandaje mlima ule? Toa mita 21 kwenye mita 30. Ubavu uliobaki juu ya maji ni mita 9 tu. Ingekuwa na farumi, wangekutana na ukuta wa mita 20. Iliachiliwa Januari 2009.

Nimalizie na meli isiyotaka kuonekana, maana najua ndilo mlilokuja kulisikia.

Mtambo ukizimwa, chuma hakizimiki. Setilaiti za Ulaya za Sentinel hutoa picha bure. Sentinel-2 hupiga picha za kawaida, kila kitone mita 10. VLCC inakuwa vitone 33 kwa 6, Suezmax 27 kwa 5. Inatosha kuzitofautisha. Sentinel-1 ni rada, inaona usiku na kupitia mawingu. Hapo ndipo unapomkamata yule aliyevaa namba ya maiti: kumbukumbu zinasema namba ni ya meli ya mita 274, picha inaonyesha mita 330. Karatasi inaweza kughushiwa. Mita 56 za chuma hazifichiki.

Picha ikionyesha kitu chenye urefu wa mita 330 na upana kama 120, mnaangalia meli mbili ubavu kwa ubavu, zinahamishiana mafuta. Ni kazi halali inayofanyika kila siku, lakini pia ndiyo njia ya kuficha asili ya mafuta. Turudi kwenye vipimo. VLCC ina kwa kawaida pampu tatu, kila moja kama mita za ujazo 5,000 kwa saa. Mapipa milioni 2 ni mita za ujazo 318,000. Pampu zote zikienda kwa nguvu zote ni saa 21, na kwa kweli hazikai hivyo: mwanzo ni polepole, mwisho wa kukausha matangi ni polepole zaidi, na gesi isiyowaka lazima ijaze nafasi inayoachwa na mafuta ili hewa ya tangi isizidi asilimia 8 ya oksijeni. Hesabu siku moja na nusu. Kwa hiyo meli mbili zikikaa pamoja saa nne, shehena nzima haikuhama, hata mtu aape.

Na kimya kikizidi, hesabu maili. VLCC iliyojaa kwa noti 13 inakwenda maili 312 kwa siku. Ikinyamaza siku tano inaweza kufika maili 1,560. Ikiibuka maili 90 tu kutoka ilipopotelea, siku zile zilitumika kwa kitu kingine. Linganisha kina cha kabla na cha baada. Ikiibuka maili 3,000, mojawapo ya nukta hizo mbili si yake.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wapelelezi. Julai 19, 2024, kaskazini-mashariki ya Singapore, meli ya mafuta Hafnia Nile iligongana na Ceres I, VLCC ya mwaka 2001 yenye bendera ya São Tomé na Príncipe, na zote mbili zikawaka moto. Kisha Ceres I ikaondoka pale. Mamlaka ya Malaysia ilisema inaaminika ilizima mtambo wake. Siku mbili baadaye ilipatikana ikiwa inavutwa na tagi mbili. Mita zaidi ya 300, imeungua, katika maji yenye meli nyingi kuliko karibu popote duniani, na ilibidi itafutwe.

Karatasi mlizopewa zina namba tano za IMO. Mbili hazikubali hesabu, na sitawaambia zipi. Ndugu uliyeinua mkono tangu nilipotaja Suez, tuanze na wewe.